Mwaka Nilipovunja Mfongo

"Mvunja mfongo!" Mzee Aloisi alisema hivyo hata kabla hajaitikia shikamoo yangu. Mkwewe, aliyekuwa akimfunika miguu kwa blanketi, aliona aibu akidhani mzee amechanganyikiwa. Nikamwambia asijali, mzee yuko sawa kabisa. Ilikuwa Desemba iliyopita, nyumbani kwa mwanawe mjini Moshi, mtaa wa Mawenzi, ambako wamemshusha kutoka mlimani ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya moyo wake. Nilipita kumsalimu kabla ya kupanda Kilema kwa Krismasi. Macho yake yamefifia na sikio moja halisikii tena, lakini alinitambua kwa sauti, akacheka mpaka akakohoa. "Mama yako," akasema. "Mama yako yule!" Kisha akatikisa kichwa, akashindwa kuendelea. Miaka kumi na mmoja imepita tangu tumzike mama kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, na watu wanaomkumbuka bado hawamalizi sentensi zao. Wanaishia kucheka. Nimekaa kwenye misiba mingi ambako marehemu husafishwa kwa maneno mpaka asitambulike, amekuwa mpole, mtiifu, hakuwahi kugombana na mtu. Mama yangu, Apolonia, hakuna aliyethubutu kumsafisha. Mchana ule Mzee Aloisi aliniambia jambo moja juu yake ambalo sikuwahi kulijua, nami nitalieleza mahali pake, kwa sababu bila mwaka ule wenyewe halina maana.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza kidato cha sita. Tulifanya mtihani Februari, na chuo kikuu kilikuwa kinafunguliwa Oktoba, kwa hiyo nilikuwa na miezi minane ya kukaa nyumbani Kilema nikijua kila kitu. Dada zangu walikuwa wameshaolewa, baba alikuwa amefariki, tukabaki wanawake wawili. Nilikuwa mtu wa kuchosha. Kwenye jumuiya nilimuuliza katekista kwa nini Mungu anayejua yote anahitaji kuombwa, na jumuiya ikafungwa mapema siku hiyo. Niliwauliza wajomba kwa nini mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayeachiwa nyumba, na kama baba asiye na mtoto wa kiume nyumba yake inahesabiwa kuwa ya hewa. Watu walinijibu kwa kuniambia nile. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akinisikiliza hadi mwisho, halafu mara nyingi akasema, "Sijui." Leo naona lilikuwa neno adimu sana. Katika mlima mzima nilikuwa na mtu mmoja tu mzima aliyeweza kusema hajui huku akiendelea kukoroga mtori wa ndizi bila kuonekana amepungukiwa na chochote.

Ninalikumbuka jiko lile kuliko chumba chochote nilicholala tangu hapo. Lilikuwa limejitenga na nyumba, kuta zake zimeiva kwa moshi, na nyuma ya ubao mmoja alisimama ng'ombe wetu akitafuna majani ya mgomba, kiasi kwamba mazungumzo yetu yote yalikuwa na pumzi ya mtu wa tatu. Kibuyu cha maziwa kilining'inia karibu na mlango. Asubuhi tulikula kiburu kilichobaki jana, ndizi na maharage vimeshikana hadi vinakatwa kwa kisu, na mama alikunywa chai yake amesimama, tayari amevaa mabuti ya mpira ya marehemu baba. Yalimzidi kwa namba mbili. Aliyajaza maganda makavu ya mgomba mbele ya vidole, akatembea nayo kila mahali isipokuwa kanisani, na hata kanisani, dada yangu mkubwa anaapa, aliwahi kwenda nayo siku ya mvua na kupokea komunyo ndani yake.

Kwetu husemwa kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Baba alipofariki, mikahawa ilikuwa mizee na yenye ugonjwa, imebaki matawi na sifa. Baba mdogo Sirili, mdogo wake baba ambaye shamba lake linapakana na letu, alimwambia mama asiiguse mpaka ukoo ukae. Ukoo haukukaa. Siku moja mama akashuka mjini akarudi na mbegu za aina mpya isiyoshambuliwa haraka na ugonjwa, akatengeneza kitalu nyuma ya banda la ng'ombe, akakiwekea kivuli cha majani ya migomba. Kufikia Agosti miche mia tatu ilikuwa imesimama, kila mmoja na majani manne au sita yanayong'aa. Mama alikwenda kuiangalia kabla hajanisalimu mimi. Ilitakiwa ivuke kiangazi, ikapandwe masika yakianza. Hakukuwa na jambo lingine mwaka ule alilolitaka kwa moyo wake wote. Na kuvuka kiangazi kulihitaji maji ya mfongo.

Mfongo ni mfereji wetu wa asili. Unaanzia kwenye banio, ukuta mdogo uliojengwa kukinga kijito juu korongoni, kisha unateremka ubavuni mwa mlima ukipita shamba kwa shamba, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia maji. Sheria ilikuwa fupi: asiyebeba jiwe hana zamu. Unapopigwa wito wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila nyumba inapeleka mtu kukarabati banio. Lakini mtu huyo lazima awe mwanamume, maana ilijulikana na wote kwamba mwanamke akifika kwenye banio maji yanakauka. Baba mdogo Sirili alikuwa amejitolea kubeba mawe kwa niaba yetu. Mwaka wa kwanza alitubebea mawe. Mwaka wa pili alitubebea mawe akachukua nusu ya zamu. Mwaka ule ninaousema, alisema aliyebeba jiwe ndiye mwenye maji, na zamu yetu ya Alhamisi ikahamia kwake yote. Tukawa tunamwagilia miche kwa ndoo kutoka mtoni, kushuka na kupanda, asubuhi na jioni, na bado mstari wa mwisho wa kitalu ulianza kukunja majani.

"Mwanamke akifika maji yanakauka," alisema Mama Kizito, jirani yetu, jioni moja akiwa amekuja kuomba moto akakaa saa nzima. "Na anayeyachota wakanawa miguu ni nani? Hapo hayakauki?"

"Yanakauka mgongoni mwangu," mama akasema, "nikipanda nayo."

Wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekasirika kisayansi. Nikawaambia jambo la aina hii linapimika: mwanamke aende, aguse, tuone. Mama akaniangalia juu ya chungu. "Na ukiona?" akauliza. Nikasema nikiona nitakuwa nimethibitisha. "Haya," akasema, "na Alhamisi itarudi?" Nikaamua swali lake halikuwa la msingi.

Siku mama alipokwenda sokoni, nikapanda korongoni peke yangu. Nilitegemea kukuta kitu cha kutisha. Nilikuta ukuta wa mawe usiofika kiunoni, umezibwa kwa vigogo vya migomba na udongo, na maji safi yakiingia mfongoni bila haraka. Nikavua viatu nikaingiza miguu. Nikanywa. Nikatazama saa, nikangoja robo saa nzima. Maji yakaendelea kwenda kama kawaida yake. Ningeshuka pale pale ningebaki mshindi maisha yangu yote, lakini nilitaka kuufaidi ushindi. Nikavuta jiwe moja bapa kutoka ukingoni, nikaliweka kivulini, nikalikalia na kusoma kitabu changu mpaka njaa iliponiuma. Kisha nikarudi nyumbani naimba. Jiwe lile ndilo lililokuwa limeshika mengine yote. Saa nane mchana sauti ya mwanamume ikaita kutoka kilimani, ikapokelewa na nyingine bondeni: mfongo umekauka!

Siku hizi nafundisha vijana chuoni, na kila mwaka nawaambia kwamba jambo kufuata jingine si ushahidi kwamba limesababishwa nalo. Huwa siwaambii nilijifunzia wapi, kwa sababu mfano wangu mwenyewe unaharibu somo. Mwanamke alifika kwenye banio, na maji yakakauka. Wazee walikuwa sahihi neno kwa neno.

Nilikaa na siri ile siku mbili. Nyumba zote zilizokuwa chini ya mfongo zilikuwa zinabeba ndoo sasa, si yetu peke yake, na mstari wa pili wa kitalu ukaanza kukunja majani. Siku ya tatu, mama akimenya ndizi za mtori, nikamwambia yote, hadi kitabu nilichokuwa nasoma. Alisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake. Halafu mabega yakaanza kutikisika, kisu kikamtoka mkononi, akacheka akiegemea ubao wa ng'ombe, machozi yanamtoka. "Jiwe la kukalia!" akasema. "Yesu na Maria! Mlima mzima una mawe!" Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo na kwa maombi, lakini si kwa kicheko. Nikaanza kulia. Akanifuta uso kwa kitenge chake kinachonuka ndizi mbichi, akasema, "Sasa nyamaza, niache nifikiri." Na akafikiri, nakumbuka, mpaka mtori ukashika chini ya chungu.

Kesho yake alijaza maziwa kwenye chupa, akasema anakwenda kumsalimu Mzee Aloisi aliyekuwa na mafua. Sikuona ajabu, ingawa Mzee Aloisi ndiye aliyekuwa mkuu wa mfongo. Jambo aliloniambia mzee huyo Desemba iliyopita ni hili: hakuwa na mafua yoyote. Mama alikuja, akampa maziwa, wakaongea habari za mahindi na za padre, na akiwa ameshasimama kuaga akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi, "Hivi, mbe, mtu akivunja banio, mila inasemaje?" Mzee akamjibu kwamba analeta jani la isale kuomba radhi, anatoa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na anajenga alipovunja kwa mikono yake mwenyewe. Mama akamwomba arudie sehemu ya mwisho. "Akaniambia, 'Aika, mbe,' ananishukuru kwa heshima kabisa, akaondoka," mzee alisema, akipiga goti lake kwa kiganja. "Nikamwambia mke wangu, mama huyu amekuja kununua kitu, na mimi nimekiuza bila kujua ni kitu gani."

Jumapili baada ya misa wanaume walikutana uwanjani mbele ya ghala la kahawa. Mama alikata jani la isale kwenye mpaka wetu, akalifunga fundo kama inavyotakiwa, akanipa nilishike. Kwetu jani hilo halikataliwi. Ukiletewa, hata na aliyekuulia ndugu, inabidi umsikilize na umsamehe. Mimi, niliyekuwa nimeandika insha nzima shuleni dhidi ya mila, nilipita katikati ya wanaume arobaini nikiwa nimelikumbatia jani kama mtoto mchanga.

"Shemeji," baba mdogo Sirili akasema alipotuona, "huu ni mkutano wa wanaume."

"Najua, shemeji. Nimewaletea mtu mnayemtafuta."

"Yuko wapi?"

"Mnasema tangu asubuhi atakuwa kijana wa kijiji cha pili, maana mwanamke hafiki kule." Akanisukuma mgongoni. "Huyu hapa. Alivuta jiwe akalikalia."

Zikazuka kelele. Mtu akasema, "Si tuliwaambia! Si tuliwaambia!" kwa furaha kubwa. Mwingine akauliza nilisoma shule gani ili wanawe wasipelekwe huko. Nikampelekea Mzee Aloisi jani. Alilitazama muda mrefu, akalipokea. "Isale imepokelewa," akasema. "Debe moja la mbege."

"Litapikwa," mama akasema. "Na la tatu?"

"La tatu lipi, mae?" akauliza kwa heshima.

"Mila ina mambo matatu. Isale, mbege, na aliyevunja kujenga kwa mikono yake. Au nimesikia vibaya?"

Mzee Aloisi akamtazama mama, kisha akalitazama tena lile jani. Alikuwa amekumbuka ile ziara ya maziwa, ingawa wakati ule sikujua nilichokuwa nakiona.

"Haiwezekani," Sirili akaruka. "Mwanamke akigusa banio maji yanakauka!"

"Yameshakauka, shemeji. Yatakauka mara ngapi?"

Hata wale waliokuwa wamenuna walicheka hapo. Sirili akasema basi yeye atajenga kwa niaba yangu, kama anavyofanya siku zote. Mama akageuka kwa wazee, bila kupandisha sauti. "Kijana wa Mzee Inyasi alipovunja ukingo mwaka juzi, nani alimjengea?"

"Alijenga mwenyewe," wakajibu watatu kwa pamoja.

"Basi na wangu ajenge mwenyewe. Na kwa kuwa kosa la mtoto ni la nyumba yake, nitakwenda naye. Au mnataka kusema nyumba yangu haina kosa? Mkisema haina, na mbege sipiki."

Nimesoma falsafa kwa miaka minne na kusikiliza watu wengi wenye shahada wakibishana, na sijaona mtego uliotegwa kwa utulivu namna ile. Wakituzuia, wangekuwa wamevunja mila ili kuilinda, na wangekosa mbege. Wakituruhusu, ingekuwa mila yenyewe ndiyo iliyotupandisha. Walijadiliana kwa Kichagga cha ndani, cha haraka, ambacho hata mimi nilikipata nusu nusu. Mwishowe Mzee Aloisi akasema Jumatano, na kila mtu aje na jembe lake.

Mbege ya faini ilichukua siku zake, kwa hiyo tulijenga kwanza. Mama alipanda korongoni na mabuti ya baba, mimi nyuma yake. Wanaume walisimama ng'ambo kama watu wanaosubiri daraja lianguke. Tulibeba mawe kwa kichwa, tukayapanga. Jiwe langu bapa lilikuwa bado kivulini, na kijana mmoja akaniletea mwenyewe kwa heshima zote: "Kiti chako, dada." Mama alipofika nusu ya ukuta akasimama, akasema ukuta huu tangu zamani umejengwa wima, kifua kinatazama maji, ndiyo maana jiwe moja lilitosha kuuangusha. Afadhali ulazwe kidogo, vigogo vya migomba vipite chini ya mawe. Wazee wakasema hivyo sivyo walivyofanya babu zao. Mzee Aloisi akaja, akainama, akatikisa jiwe moja lililolazwa na mama. Halikutikisika. "Endelea, mae," akasema, na bila kusema lingine akavua koti, akaanza kutupokeza vigogo. Baada ya hapo haikuwezekana kwa wengine kuendelea kutazama. Ikawa msaragambo wa kweli, wenye matope, na utani ambao siwezi kuuandika hapa.

Maji yaliingia mfongoni kama saa sita. Tuliyafuata tukishuka, vijana wakipiga miluzi. Mita mia tatu hivi chini, yakakatika. Mfongo ukawa mkavu mbele yetu, na wanaume wote, mmoja mmoja, wakageuka wakatutazama mama na mimi. Mama hakugeuka. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye tope, akaanza kurudi nyuma akifuata unyevu, mpaka akafika kwenye pengo la ukingo wazi kama mlango, maji yote yakiingia kwa fujo kwenye migomba ya baba mdogo Sirili. Alikuwa amelifungua Alhamisi ile aliyotuchukulia, mfongo ukiwa mkavu, akasahau kuliziba.

"Shemeji," mama akasema, akipangusa magoti, "ulikuwa na kiu?"

Sirili, lazima niseme kwa haki yake, ndiye aliyecheka wa kwanza. Labda hakuwa na njia nyingine. Aliziba pengo yeye mwenyewe, na tulipokaa kula ng'ande majirani walizoleta kwenye masufuria, Mzee Aloisi akatangaza akiwa na mdomo umejaa mahindi na maharage kwamba nyumba ya Apolonia imebeba mawe kwa mikono yake, na sheria inajulikana. Hakuna aliyepinga. Leo wapo wanawake wawili kwenye kamati ya mfongo wetu, na vijana wanadhani ilikuwa hivyo siku zote. Sijawahi kuwasahihisha. Najiuliza tu, kama ninavyojiuliza kila kitu, mama angefanya nini kama nisingevuta lile jiwe. Nafikiri angepata njia nyingine, na nafikiri ingekuwa ya kisheria vile vile.

Alhamisi yetu ilifika kesho yake. Tulikuwa kitaluni kabla jua halijavuka migomba, mama na jembe, mimi pekupeku, Mama Kizito amekaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa akisema amekuja kuangalia kama maji ya wanawake yana rangi tofauti. Mama alifungua ukingo. Maji yakaja kwanza kama ulimi mwembamba wenye vumbi na majani makavu, kisha yakanona, yakaingia kwenye mistari ya miche, wa kwanza, wa pili, udongo ukibadilika rangi mbele yetu. Mama alisimama katikati, maji yakipita juu ya mabuti, akicheka peke yake bila sauti. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamuuliza lile lililokuwa likinikera wiki nzima: mama, wewe mwenyewe, kweli kweli, ulikuwa unaamini kwamba mwanamke akifika banioni maji yanakauka?

Akalifikiria kwa dhati, jembe begani. Nyuma yangu ukingo ulikuwa umeanza kumomonyoka, na maji yalikuwa yanauacha mstari wa mwisho, ule wenye majani yaliyokunjamana, yakielekea bandani kwa ng'ombe.

"Swali zuri," akasema. "Ziba pale kwanza."

Nikakaa juu ya pengo, mzima mzima, na gauni langu. Maji yakanipiga mgongoni, yakasita, yakageuka kulia kuelekea kwenye miche.